Hashakum si Matusi: Msomaji na Lugha Chafu katika Riwaya Pendwa ya Kiswahili

Msomaji wa Kiswahili asemapo kwamba kitabu fulani "kina matusi", hatuna budi kumwuliza kwanza ana maana gani. Pengine ana maana kwamba wahusika wa kitabu hicho wanatukanana. Lakini mara nyingi zaidi ana maana nyingine: kwamba kitabu kinataja mambo ya chumbani, au kinausimulia mwili wa mwanamke kwa namna isiyofaa kusomwa mbele ya watu. Katika kitabu hicho huenda asiwepo hata mtu mmoja aliyemtukana mwenziwe. Vivyo hivyo twasikia watu wakitaja "picha za matusi", ilhali picha haisemi neno lolote. Neno matusi, basi, limebeba mizigo miwili: tusi analotupiwa mtu, na jambo lolote linaloivunja stara. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mizigo hiyo haikukutanishwa na bahati, na kwamba mtazamo wa wasomaji wetu kuhusu lugha chafu katika riwaya pendwa, yaani hadithi za upelelezi, za ujasusi na za mapenzi ya mjini, hauwezi kueleweka pasipo kuitazama miwili yote pamoja.

Tofauti na Kiingereza yafaa ielezwe mapema, kwa sababu wengi wetu tuliosomea uhakiki katika vyuo vya ng'ambo tulirudi na istilahi ambazo hazitufai sana katika jambo hili. Mwingereza hutumia kitenzi kimoja kwa mtu anayekula kiapo mahakamani na kwa mtu anayetoa maneno machafu kilabuni. Sababu yake ni ya kihistoria. Kosa kubwa la zamani huko lilikuwa ni kulitaja bure jina la Mungu. Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1606 iliwatoza wachezaji wa tamthilia faini ya pauni 10 kwa kulitaja jina hilo kwa mzaha jukwaani. Maneno ya mwilini haikuyagusa. Kiswahili hakikupita njia hiyo. Kuapa ni kuapa, kuapiza ni kuapiza, na kutukana ni kutukana. Mtu atajaye "Wallahi" mara kumi katika mazungumzo aweza kuonekana mwepesi wa viapo, lakini hapana atakayesema kwamba ametukana. Tusi la Kiswahili likiwa zito humwendea mama. Ndiyo maana tusi lipitalo mengine yote likaitwa tusi la nguoni, yaani tusi linalofika kwenye kile ambacho nguo imekificha, na aghalabu nguo hizo ni za mama wa yule anayetukanwa.

Sasa, watu wa pwani wana neno ambalo kwa maoni yetu lina elimu kubwa juu ya suala hili, nalo ni hashakum. Mzungumzaji anayelazimika kutaja kitu kisichopendeza, kama vile choo, nguruwe, au ugonjwa wa sehemu za siri, hutanguliza kusema "hashakum", au kwa ukamilifu zaidi, "hashakum si matusi", kisha akalitaja jambo lake. Asili ya neno hilo ni Kiarabu, na maana yake ni kuomba kwamba jambo litakalotajwa liwe mbali na wale wanaosikia. Msomaji alitazame vizuri. Hashakum haibadilishi kitu chochote katika neno linalofuata. Neno chafu hubaki vile vile, herufi kwa herufi. Kinachobadilika ni uhusiano wa msemaji na wasikilizaji wake. Amewatambua, amewaomba radhi, amewatenga na uchafu wa neno. Kwa hiyo uchafu haukuwa ndani ya neno peke yake hata kidogo. Ulikuwa katika kulitupa neno mbele ya watu bila ya kujali ni akina nani.

Ukiishika kanuni hii, mambo mengi ya jamii zetu yanayoonekana kupingana huacha kupingana. Mzaramo na Mnyamwezi walioshikana utani waliweza kuambiana maneno ambayo kwa watu wengine yangeleta ngumi, tena wakaambiana msibani, na waliohudhuria wakacheka. Babu humwita mjukuu wake "mke wangu" na kumfanyia mzaha ambao baba yake hathubutu kuufanya. Katika unyago, makungwi waliwafundisha wari kwa nyimbo na michezo iliyotaja kila kitu kwa jina lake, na hakuna aliyeona kwamba makungwi hao ni watu wasio na adabu. Kinyume chake, wao ndio waliokuwa walimu wa adabu. Lakini mlango ulifungwa. Marehemu Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, alipoipeleka ngoma ya unyago mbele ya hadhara za wageni na wanaume, wapo walionung'unika, na manung'uniko yao hayakuwa juu ya maneno ya ngoma yenyewe, ambayo bibi na mama zao waliyajua. Yalikuwa juu ya mlango ulioachwa wazi.

Hata ushairi, ambao twapenda kuwaambia wanafunzi kwamba ni hazina ya hekima, una upande wake wa ukali. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi tangu mwaka 1776 hadi 1840, aliwarushia wapinzani wa mji wake mishale ya kejeli ambayo ilijibiwa kwa mishale mingine. Ushindani huo ulikuwa na kanuni zake. Mshairi alifumba, na mwenye kufumbua ndiye aliyejivika tusi kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto aliyekaa barazani akisikiliza alisikia habari ya mnazi, jahazi au paka. Baba yake alisikia jambo jingine. Fumbo lilifanya kazi ile ile ya hashakum, kwani liliwapanga wasikilizaji kwa daraja zao hata wakiwa wamekaa pamoja.

Katika jamii hiyo ndimo kilimoingia kitabu cha hadithi kilichopigwa chapa. Kitabu hakimjui msomaji wake. Hakiwezi kuona kwamba mama mkwe amekaa pembeni akimenya viazi, wala hakiwezi kunyamaza mtoto aingiapo. Jambo hilo lilikuwa zito zaidi katika miaka ambayo kusoma kulikuwa ni kusikiliza. Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, nakala moja iliweza kusomwa na mtu mmoja kwa sauti, na wengine wakasikiliza. Riwaya za kwanza zilirithi hadhira ya namna hiyo. Mwandishi aliyeandika tusi la nguoni alikuwa akimtia tusi hilo mdomoni msomaji, akalitamke mbele ya watu wa nyumba yake. Ni nani angekubali?

Haya hayakuwa yote, maana palikuwa na msomaji mwingine aliyesoma kabla ya watu wote. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 kuusimamia usanifishaji wa lugha, ilipitia miswada ya vitabu na kutoa idhini kwa vile ilivyoviona vinafaa. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilichapisha vitabu kwa ajili ya shule na kwa watu wazima waliotoka kujifunza kusoma. Tusiwalaumu kupita kiasi watu wa Kamati na wa Bureau. Kazi yao ilikuwa ni kutafuta Kiswahili ambacho mtoto wa Kisumu na mtoto wa Tanga wangeweza kukisoma pamoja. Lakini matokeo yake ni kwamba usanifu wa lugha na usafi wa maneno viliingia katika vichwa vya watu kama kitu kimoja. Mwalimu aliyesahihisha upatanisho wa ngeli ndiye huyo huyo aliyekata neno la mtaani kwa wino mwekundu, na mwanafunzi hakuonyeshwa kwamba makosa hayo ni ya aina mbili. Shaaban Robert naye, ambaye nathari yake ilifanywa kielelezo cha madarasani, aliandika kwa adabu kubwa kiasi kwamba hata wadhalimu wake husema kama makadhi.

Ndani ya mipaka hiyo ndipo ilipozaliwa riwaya ya upelelezi. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1960, na Faraji Katalambulla akafuata kwa Simu ya Kifo mwaka 1965. Hizi ni hadithi za mauaji, na muuaji ni mtu ambaye twategemea aharibike ulimi. Hata hivyo vitabu hivi vilipokewa vizuri majumbani na shuleni, na hatujui kwamba vimewahi kushtakiwa kwa lugha chafu. Kizazi cha kwanza cha wasomaji wa riwaya pendwa kilikubali kwa furaha maiti sebuleni, mradi maiti hiyo isizungumziwe kwa maneno mabaya. Tukio hili la ajabu kidogo halijatazamwa vya kutosha na wahakiki wetu: damu haikuhitaji hashakum.

Mwaka 1971 ndio mwaka wa kupimia. Katika mwaka huo vitabu viwili vilitoka katika Afrika ya Mashariki. Kimoja ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichoandikwa kwa Kiswahili. Kingine ni Son of Woman cha Charles Mangua, kilichochapishwa Nairobi kwa Kiingereza na East African Publishing House. Kitabu cha Kezilahabi si riwaya pendwa kwa maana kamili, lakini kilisomwa kwa uchu uleule, tena hasa na vijana. Ni hadithi ya binti wa Ukerewe aliyelelewa na baba mkali na mlevi, akapigwa kwa sababu ya barua ya mvulana, akatoka nyumbani asijue chochote juu ya wanaume, akaharibikiwa, na mwishowe akajiua. Mangua kwa upande wake anamsimulia Dodge Kiunyu, mwana wa malaya, ambaye anaitembeza Nairobi nzima kwa ulimi usio na kizuizi, akijitukana yeye na kuwatukana wengine bila ya kuchoka.

Ukizipima kwa wingi wa maneno machafu, Rosa Mistika haifiki hata robo ya Son of Woman. Lakini ni Rosa Mistika iliyopigwa marufuku katika shule za Tanzania. Miaka mingi ilipita kabla ya kuruhusiwa, ikaja kusomwa madarasani kama kitabu cha fasihi kinachoheshimiwa. Dodge Kiunyu naye alipata wanunuzi wengi. Wahakiki walimkemea kwa kuishusha fasihi, na wasomaji wakaendelea kucheka. Wako watakaosema kwamba tofauti hiyo ni ya serikali mbili na siasa zake, nasi hatukatai kwamba siasa ilikuwamo. Tanzania ilivipiga marufuku pia vitabu vya David Maillu mwaka 1976, navyo viliandikwa kwa Kiingereza: hadithi zake za kishairi za walevi, makarani na wakubwa wa ofisini, kama vile My Dear Bottle na After 4.30, ambazo Maillu alizichapisha mwenyewe Nairobi kwa jina la Comb Books. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba Kiingereza kilikuwa ngao ya kutosha. Twasema tu kwamba kwa msomaji wa kawaida wa Kenya kilikuwa ngao, na ngao hiyo bado ipo.

Tumewahi kuliona jambo hili darasani. Tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili ukurasa wa mazungumzo kutoka katika riwaya moja ya Kiingereza ya Nairobi, wakausoma kwa sauti, kila mmoja sehemu yake, na hapakuwa na aliyesita. Kisha tukawaomba waufasiri kwa Kiswahili. Kijana mmoja wa Kilifi alifika kwenye neno fulani akanyamaza, akatazama chini, na alipohimizwa akasema kwamba analijua neno la Kiswahili lakini hawezi kulisema kwa kuwa wamo wasichana. Wasichana hao walikuwa wamelisoma neno la Kiingereza dakika kumi zilizopita. Mwenzake wa Nyeri akajitolea, akalitamka la Kiswahili pasipo taabu. Aliyeketi nyuma akamwambia, basi liseme kwa Kikuyu. Darasa zima likacheka, naye akakataa katakata.

Tukio hilo dogo latufundisha kwamba hatuna msomaji mmoja wa Kiswahili katika Kenya. Kwa mtu wa Mvita au Lamu, tusi la nguoni la Kiswahili ni tusi la mama yake mzazi. Ameliogopa tangu utotoni. Kwa mtu wa bara aliyejifunza Kiswahili shuleni na sokoni, tusi hilo liko hatua moja mbali na mwili wake, na la Kiingereza liko hatua mbili. Wote wawili huweza kununua kitabu kimoja katika duka moja la Nairobi, na mmoja akakiona cha kuchekesha, mwingine akakificha chini ya godoro. Mwandishi anayedai kuwaandikia "wasomaji wa Kiswahili" hana budi kujua kwamba anawaandikia watu hawa wawili.

Wala tusidhani kwamba swali la nani anasikia ni letu peke yetu. Mwaka 1960, kampuni ya Penguin iliposhtakiwa London kwa kuchapisha riwaya ya D. H. Lawrence, Lady Chatterley's Lover, wakili wa serikali aliwauliza wazee wa baraza kama wangependa wake zao au watumishi wao wakisome kitabu kile. Swali hilo lilidhihakiwa sana, na kampuni ikaachiliwa. Tulipokuwa masomoni huko miaka mingi baadaye, bado lilisimuliwa kama kichekesho. Sisi tulilicheka pamoja na wenzetu, lakini kicheko chetu hakikuwa kikamilifu, kwa sababu tulilitambua. Lilikuwa ni swali la barazani kwetu. Ubaya wake ni kwamba wakili aliwafanya wake na watumishi kuwa watu wa kuchaguliwa la kusoma na bwana wa nyumba. Lakini kuuliza ni nani aliyemo chumbani, hilo kwa msemaji wa Kiswahili ni mwanzo wa adabu, na mhakiki anayelidharau hawezi kuwaelewa wasomaji anaowaandikia.

Waandishi wa riwaya pendwa wa miaka ya 1970 na 1980 walilijua hilo kuliko wahakiki, nao walibuni njia zao. Njia iliyo nyepesi ni ya taarifa: msimulizi husema kwamba fulani alimporomoshea mwenziwe matusi ya nguoni, basi, habari ikaendelea. Twaiona kuwa njia dhaifu ikirudiwa mno, maana humnyima mhusika sauti yake pale hasa ambapo sauti ingemfichua. Njia ya pili ni ya mkopo. Jambazi hufoka kwa Kiingereza kilichoswahilishwa, "bladifulu" na mengineyo, na hakuna anayeona haya. Au hutumia neno la Kiarabu ambalo ukali wake umechakaa, kama hanithi, ambalo lilikuwa tusi zito na bado laweza kuwa, lakini kitabuni husomeka kama pambo la kale. Neno mshenzi nalo lina safari ndefu: mwungwana wa pwani alimwita hivyo mtu wa bara, Mzungu akalichukua akawaita hivyo wote wawili, na riwaya zinazosimulia enzi ya ukoloni zikalirudisha kinywani mwa Mzungu ili msomaji amchukie. Hapo tusi limefanya kazi ya historia.

Njia ya tatu ni ya nukta. Mwandishi huandika herufi ya kwanza, kisha nukta tatu au nne. Tunayo kumbukumbu ya nakala moja ya maktaba, ya hadithi ya majambazi, ambayo nukta hizo zilikuwa zimejazwa kwa kalamu ya risasi na wasomaji mbalimbali: mmoja ameandika neno, wa pili amelifuta akaandika jingine kali zaidi, na wa tatu ameandika pembeni kwa hati nzuri, "Aibu." Methali yasema kwamba akutukanaye hakuchagulii tusi. Mwandishi wa riwaya ndiye mtu pekee anayelazimika kulichagua, akiwa ametulia mezani bila ya hasira yoyote, na pengine wasomaji humchukia kwa utulivu huo kuliko kwa neno lenyewe. Anayeweka nukta amelikwepa jukumu lake na kuwaachia wao.

Kwa maoni yetu riwaya pendwa ya Kiswahili ilipata hasara. Wapelelezi na majasusi wa Elvis Musiba na wenzake waliuawa, waliteswa, walisalitiwa, na kwa jumla walizungumza kama watu waliofaulu mtihani wa lugha. Mtu wa Kariakoo au wa Mathare akikisoma kitabu hicho hujikuta ndani yake kwa matendo lakini asijisikie kwa sauti. Watoto hufundishwa shuleni methali ya "Funika kombe mwanaharamu apite", wakaiandika katika insha zao, na neno hilo hilo likitamkwa na mlevi katika riwaya, mzazi huja kumlalamikia mwalimu mkuu. Msomaji ameachwa afikiri kwamba neno ndilo lenye kosa, ilhali wazee wake walifikiri vizuri zaidi kuliko hivyo.

Maillu alijaribu njia nyingine mwaka 1989 kwa Without Kiinua Mgongo, akichanganya Kiingereza na Kiswahili kama watu wachanganyavyo mjini, na katika karne hii jarida la Kwani?, lililoanza Nairobi mwaka 2003, liliifungulia Sheng milango. Sheng imempa mwandishi kivuli cha muda. Tusi lake la mwaka huu halijafika masikioni mwa mama mkwe, kwa hiyo laweza kusomwa mbele yake na wajukuu wakacheka peke yao, kama walivyocheka wakubwa barazani enzi za Muyaka. Tatizo ni kwamba maneno hayo huzeeka upesi, na yakishazeeka hujulikana na kila mtu, na mhariri wa vitabu vya shule, ambaye soko lake ndilo kubwa kuliko yote, huyajua kabla ya mama mkwe.